Cheti Kiko Ukutani

Cheti kiko ukutani, Bwana Shekiondo. Kisome.
Kioo kina vumbi; hapa Nkuhungu upepo haubishi hodi,
unaingia na mchanga wake, unakaa
kama shangazi aliyesema anakuja kwa wiki moja.
Shahada ya ushauri nasaha. Niliipata na miaka arobaini na sita,
dawati moja na watoto rika la binti yangu,
wakiniita Mama, wakiniazima kalamu wasirudishe.

Lakini umeuliza nilisomea wapi.

Miaka kumi na tisa nilikuwa muuguzi wa zamu Mirembe.
Nilihesabu vidonge, nilihesabu mashuka,
nilihesabu Jumapili ambazo ndugu hawakuja.
Palikuwa na mzee mmoja wa upande wa Kibakwe
(jina ni lake, silitaji,
kama lako sitalitaja kesho sokoni).
Kila Machi anapona, tunamrudisha kwao;
mtama haujakomaa, huyo analetwa, mikono ina alama za kamba.
Mara ya tano nikamsindikiza mwenyewe.
Nikakuta nyumba nzima inakula kimya,
watu tisa, sahani moja ya mlenda, hakuna anayemtazama mwenzake.
Kumbe tulikuwa tunampa dawa yeye
na ugonjwa umebaki jikoni, unasonga ugali.

Nikaenda kuchukua fomu za chuo wiki ile ile.

Na kabla ya hayo yote, kule Chali,
mama alinifundisha kuchimba maji korongoni.
Mto umekauka tangu Juni. Unapiga magoti,
unachota mchanga kwa kipande cha kibuyu, taratibu;
ukiharakisha, kingo zinaporomoka, unaanza upya.
Ukifika penye unyevu unaacha. Unakaa.
Maji hayaitwi. Yanakuja.
Ya kwanza ni tope, wala usiyatukane,
yaweke kando, mbuzi watakunywa.

Sina ufundi mwingine zaidi ya huo.
Sitauliza nani mkosaji; baraza la kata liko pale,
ukipita mashine ya kusaga, na mihuri wanayo.
Sitakuambia uvumilie, Mama Riziki;
neno hilo umelishwa mpaka limekukaba.
Akisema mmoja, mwingine atayarudia aliyoyasikia,
na msemaji ndiye atakayesema kama ndivyo.
Inachosha. Wengine huondoka nusu saa haijafika.

Na cheti hakisemi hili: kaka yangu, tumbo moja,
mwaka wa saba hajaniamkia,
kwa mistari mitatu ya zabibu pale Hombolo.
Mganga, eti.

Viti sikuvipanga. Nimeona mlivyokaa.
Wewe mlangoni, mkoba magotini, tayari kwa safari,
wewe uliyehamia na wizara na maboksi ya mafaili
ukawaacha Temeke miaka minne,
ukawa unarudi kila mwisho wa mwezi kama mshahara,
na kama mshahara, unaisha mapema.
Mama dirishani, anatazama watu wasiomhusu.
Kijana hakukaa kabisa.

Mimi huanza na aliye mdogo.
Athmani, wanasema tangu Februari hujasema neno nyumbani.
Si lazima useme hapa.

Feni inazunguka. Nje mtu anauza karanga za Kongwa,
anapita, anarudi, anapita tena.
Kijana anavuta mkono wa sweta mpaka kwenye vidole,
anausogelea ukuta,
anafuta kioo. Pembe moja, kisha nyingine.
Anasoma kwa sauti iliyokwaruza, kama bawaba:
"Yunike... Chidawali."

Mama anaweka kiganja mdomoni.
Na wewe, bwana, umeshasimama,
"Si unaona! Kumbe anaweza! Kumbe siku zote..."

Kingo, Bwana Shekiondo.
Angalia kingo.
Kaa.