Mpini wa Arobaini na Mbili

Alden hununua mipini.
Si ya majembe, si ya mashoka: mipini mifupi
ya mbao nyekundu, inayojaa kiganjani,
yenye tumbo wazi na kifuniko cha kuzungusha,
na ndani, kama vitoto vya panya kiotani,
vyuma kumi vimelala: msharasi, patasi,
bisibisi, kijisumeno kisichoweza hata mkate.
Unatoa kimoja, unakibana kwenye taya za shaba.
Mpini mmoja, kazi kumi.
Ndivyo walivyoahidiwa babu zetu
enzi zile Maine nzima ikinuka mbao mbichi.

Jumamosi alfajiri tunaufuata mto Kennebec.
Theluji ya Aprili imejibanza nyuma ya maghala
kama mdaiwa.
Watu wametandaza nyasini vitu vya marehemu wao.
Alden haulizi bei kwanza. Hutikisa.
Huuweka mpini sikioni kama mnunuzi wa mayai.
"Saba," ananong'ona. Au, "Tisa, kimoja kimevunjika."
Nimemwona akikosea mara moja tu:
ndani mlikuwa na vifungo vya shati.

Wiki iliyopita, kwa mjane mmoja wa Norridgewock,
akapata wa arobaini na mbili.
Vyuma tisa halisi. Cha kumi, msumari.
Msumari wa inchi tatu, wa dukani;
mtu kaukata kichwa, kaupiga tupa
pande zote nne, taratibu, hata ukawa msharasi.
Royce Tibbetts angeutupa. "Si wa kiwandani,"
angesema, yeye ambaye vyake viko nyuma ya kioo
na funguo ziko shingoni mwake.
Alden aliusogeza dirishani.
Kahawa ikapoa.
"Tazama mikwaruzo. Hapa mkono umechoka.
Hapa kabadilisha mkono."
Mimi sikuona kitu.
Niliona kucha yake imepasuka.

Husemwa mwenye mpini ndiye mwenye kisu,
aliyeshika makali shauri yake.
Basi nimeolewa na sultani:
mipini arobaini na miwili,
na mlango wa kabati la jikoni unaning'inia
kwa skrubu moja tangu Krismasi.

Jana usiku alikuwa mezani, anapaka mafuta ya kitani
kwa kipande cha shati lake la harusi
(shati nililolitafuta mwaka mzima).
Nikachukua kisu cha siagi.
Nikaitia ncha kwenye skrubu, nikazungusha.
Skrubu ikakaa. Kisu kikapinda.

Hakuinua kichwa.
Alinyoosha tu mkono, na mkononi
ule wa Norridgewock, bisibisi imekwisha banwa,
mbao ina joto.

Nikakaza skrubu zote, hata zisizolegea.
Sikusema asante. Naye, la ajabu,
hakusema neno.

Kabati sasa linafunga.
Mpini sijaurudisha.
Umelala na vijiko,
na asubuhi nikivuta droo
nausikia: kumi.