K.n.y.

Mimi ni mpiga misumari wa Idara ya Maji, Ulaanbaatar.
Balbu, vitasa, viti vilivyolegea magoti, vyote vyangu,
na picha za wakurugenzi, ukumbi wa ghorofa ya saba:
kumi na moja. Sita nimezitundika kwa mkono huu.
Wawili wana ndevu. Mmoja tai imempinda
(nilimwambia mpiga picha, hakusikia).

Narangerel hayumo.
Narangerel yumo chini ya kila barua:
herufi tatu za wino wa buluu,
k.n.y.,
kisha jina lake, dogo, limejikunja
kama mgeni aliyepewa ukingo wa kitanda.

Miaka tisa kaimu.
Alikaimu Jambal alipougua ini,
akakaimu kiti kilipokuwa kitupu,
akamfundisha Gantumur kusoma ramani ya mabomba,
Gantumur akathibitishwa kwa kuijua ramani.
Akakaimu tena.
Mvumilivu hula mbivu, bodi ikamwambia.
Walaji wa mbivu waliingia kwa lango kuu,
suti mpya, wakiniuliza choo kiko wapi.

Januari ile, nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
bomba kuu la mtaa wa mahema lilipasuka saa nane usiku.
Mkurugenzi alikuwa Seoul, semina ya uongozi.
Mimi nilishika taa. Yeye shimoni, buti za mumewe,
kope zimeganda, anazitafuta vali kwa vidole
kama mpishi ajuaye gizani chumvi iko rafu ipi.
Alfajiri maji yakatoka.
Gazeti likaandika: Mkurugenzi aokoa mtaa.
Pichani, koti la Seoul.

Aprili wakaja wakaguzi wa usawa wa jinsia,
vijana wawili wapole, na jedwali lao.
Wanawake sitini na mmoja, wanaume thelathini.
Ghorofa ya saba, kalamu ikasita.
"Huyu tumweke wapi?"
Katibu hakumeza mate: "Juu. Ni mkuu, huyu."
Jedwali likapendeza.
Mwisho wa mwezi ikatoka orodha ya posho za wakuu.
Akashushwa ngazi bila kuinuka kitini.

Hakulia, kama mnangoja alie.
Alimaliza chai yake ya maziwa na chumvi, akaniita.
"Baasan, ule ukuta umebakiza nafasi ya picha ngapi?"
Nikapima. Nikarudi.
"Hamna. Ya mwisho imegusa mlango wa stoo."
Akacheka, akacheka, mpaka nikaona aibu ya futi yangu.

Usiku hesabu ile ikaninyima usingizi.
Kati ya fremu na fremu pana upana wa kiganja.
Mapengo kumi. Kila pengo ukiliminya vidole vitatu
inapatikana nafasi ya mtu mzima, na mabega yake.
Hakuna anayeshushwa. Hakuna anayevunjwa kioo.
Wanasogea tu,
kama watu wa benchi la zahanati wanavyosogea,
bila hotuba.

Leo Jumamosi, jengo limefungwa.
Ngazi ninayo, nyundo ninayo.
Nimeanza na wa kwanza, yule wa medali;
mzito kuliko nilivyodhani.
Barua ya idhini sina.
Wakiitaka Jumatatu nitaiandika mwenyewe,
mwandiko wangu mbovu, mhuri wa stoo,
na pale chini, pa sahihi:
k.n.y. Narangerel.