Karanti kwa Tranti

Uwanja wetu zamani ulikuwa kichuguu.
Vijana wa Katuba walikibomoa kwa nyundo,
wakakisaga, wakakichekecha debe kwa debe,
wakakanyaga kwa miguu mitupu
hadi ardhi ikakaza kama tako la chungu.
Simenti haikuwapo. Ilikuwapo hii,
nyumba ya mchwa, nyekundu, kimo cha watu wawili.

Wavu ni nyuzi za magunia ya mahindi.
Mistari ni chokaa; chokaa ikiisha, unga wa muhogo,
na hapo Mama Kapya hutoka na mwiko mkononi:
"Mnachora kwa chakula cha watu!"
Basi tunachora ya katikati tu.
Ya pembeni kila mtu aijue kwa imani.

Na imani, Musonda, ndiyo iliyotugombanisha.

Jumamosi ya Oktoba, joto limekaa juu ya mabati.
Mimi fundi wa mabehewa, mwezi wa tano bila mshahara,
raketi yangu imeshonwa kwa uzi wa ndoana.
Wewe umekaanga mikate tangu alfajiri,
mafuta bado yanang'aa kwenye mkono wa kushoto,
mkono ule ule unaonichapa kila wiki.

Tunahesabu kwa Kifaransa tulichorithi pamoja na madeni:
kenzi, tranti, karanti.
Kumi na tano, thelathini, kisha arobaini.
Tano zilikwenda wapi?
Mimi nasema zilikatwa ofisini.

Karanti kwako, tranti kwangu.
Ukapiga. Mpira wetu, umenyonyoka kama kuku wa sikukuu,
ukaruka chini, ukagusa, ukaenda zake.
"Nje!"
"Nje ya nini? Mstari uko wapi?"
Tukainama wote wawili, vichwa karibu kugongana.
Alama ilikuwapo: duara dogo,
dole gumba la mtu asiyejua kuandika.
Kabulo, mwamuzi wetu wa miaka tisa,
akashuka kwenye kreti yake aje kuamua

na mvua ikamtangulia.

Matone ya kwanza, makubwa, mazito.
Kila tone likachapa alama yake,
na kufumba na kufumbua uwanja mzima
ukajaa mipira iliyoanguka,
ya ndani, ya nje, hakuna wa kuitenga.

Ilipokatika wakatoka wenyewe.
Sijui kama ni wajukuu wa wale tuliowabomolea.
Kumbikumbi, elfu kwa elfu, mabawa yamelowa,
wakitambaa juu ya unga wa muhogo.
Mtaa wote ukaja na mabeseni.
Mama Kapya hakugomba tena, alikuwa na sufuria mbili.
Nikafagia kwa raketi. Siku hiyo ilifaa kitu.

Usiku mwanao akabisha hodi kwangu
na karatasi ya daftari iliyokunjwa,
kumbikumbi wa kukaanga, chumvi imezidi kidogo.
Watoto walipomaliza nikaikunjua kwenye mwanga wa simu.
Mwandiko wako, umelegea kwa mafuta:

Ulikuwa ndani.