Jezi Namba Kumi

Kocha alisoma majina mara moja tu,
kiyoyozi kikinguruma. Kumi: Yarub.
Zahor akaendelea kufunga kamba
za viatu ambavyo leo havitakanyaga nyasi.

Miaka kumi na minne hapa Seeb
mpira haukupita katikati bila ruhusa yake.
Sasa goti linajaa maji,
na kijana wa miaka kumi na tisa
hajui hata kuogopa.

Dakika ya sabini, bila kwa bila,
joto limeulalia uwanja kama blanketi lililolowa.
Yarub ana mpira. Anageuka, anatazama benchi:
kulia au kushoto?

Zahor anajua. Mguu wake, chini ya benchi,
umekwisha kupiga.
Anainama,
anajifanya anatafuta chupa ya maji
iliyo mkononi mwake.