Mlango wa Zimamoto

Mabati sita yanayokunjana kama kurasa,
kila moja kimo cha watu wawili,
na la tatu kutoka kushoto limetuna tumbo.
Ndilo Delfor aliloligonga kwa lori, kutokea ndani,
usiku ule kengele ilipolia
na upepo wa Agosti ulikuwa umeutoa mlango relini, ukakwama.
Hakuteremka. Alitia gia, akafumba macho.
Nyumba ya Bi Ediltrudis ilipona.
Banda la kuku halikupona.
Na tangu hapo mlango haufungiki, haufunguki,
umesimama katikati
kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.

Manispaa ya Trevelin imejibu: subirini bajeti.
Theluji haisomi bajeti.
Inaingia, inalala juu ya mipira ya maji,
na asubuhi mipira ni migumu kama mbavu.

Jumamosi akaja Morfydd Antilaf
na mitungi miwili ya gesi kwenye toroli,
uzi, chaki, ndoo, shati kuukuu la marehemu mumewe.
Delfor alikwisha kushika nyundo.
"Weka chini," akamwambia.
"Wewe ulishaligonga mara moja."

Akavuta uzi ndani, bawaba hadi bawaba:
vidole vitatu vya hewa kati ya uzi na fremu.
Akatoka nje, upande wa tumbo,
akachora duara saba, kila moja upana wa sarafu.
Kisha moto,
hadi chuma kikawa na rangi ya cheri mbivu, si zaidi,
na tumbo, badala ya kunywea,
likatuna tena.

"Unaliua!" Delfor alipiga kelele.
Morfydd hakumjibu.
Alichovya shati kwenye ndoo, akalibandika.
Mvuke. Mlio kama wa mafuta yaliyoona maji.

Samaki, twaambiwa, hukunjwa angali mbichi.
Chuma hungoja kiungue ndipo kikunjuke:
kikipata moto kinataka kutanuka,
lakini kimebanwa na baridi kila upande,
hakina pa kwenda, kinajisonga chenyewe;
kikipoa kinakuwa kifupi kuliko jana,
na kwa ufupi huo kinamvuta jirani yake
arudi mstarini.
Hakuna nyundo inayojua kufanya hivyo.

Duara la pili. La tatu. Chai chungu, kimya.
La nne lilichukua muda, upepo ulikuwa unazima moto.
Kufika la saba, uzi ulionyesha kidole kimoja.
Morfydd akafunga gesi.

"Na hicho kilichobaki?"
"Hicho ni chake. Ukimnyoosha kabisa
kiangazi kitamkunja upya."

Wakazoa changarawe kwenye mfereji wa chini,
nati mbili, kifungo cha koti la Delfor.
Wakapaka girisi magurudumu.
Delfor akaufunga mlango, akaufungua,
akaufunga, mara kumi na moja, Morfydd alihesabu,
na mara ya mwisho kwa mkono mmoja tu.

Madoa saba ya buluu yamebaki pale nje.
Rangi ipo stoo, kopo zima.
Delfor anasema ataipaka kesho.

Jioni Bi Ediltrudis alileta malipo:
trei ya mayai,
ya dukani.