Miaka Mitatu ya Kuazima

Baridi ya mwezi wa sita imekaa juu ya Katuba
kama mgeni asiyejua kuaga.
Baba amevaa koti lake la kazi, lile la buluu,
jina la kampuni limefutika kifuani, umebaki uzi,
nami nimebeba diploma ndani ya mfuko wa mkate
ili umande usiisome kabla ya shefu.

Tulisikia redioni: serikali imefungua mlango.
Mpango wa Jozi, ndivyo wanavyouita.
Kila mashine watu wawili,
mzee anayejua, kijana anayetaka kujua,
nusu ya mshahara juu yao, nusu juu ya mwenye kiwanda.
Baba akazima redio:
"Safari hii aliyeandika amewahi kushika spana."

Miaka minne nimezunguka mji na karatasi.
Wananidai uzoefu.
Uzoefu unauzwa wapi, soko la Kenya? Kwa kopo au kwa kilo?
Na baba, tangu apewe barua ya shukrani na bahasha nyepesi,
kila geti linamwambia: mzee, umechoka.
Hajachoka.
Jumapili hulala chali chini ya jenereta ya jirani,
ananyoosha mkono bila kutazama,
nami namwekea namba kumi na saba
kabla hajaitaja.

Foleni. Saa mbili, saa nne, saa sita.
Dada wa biro ana kikohozi na kucha fupi.
Si mtu mbaya. Nalisema mapema
kwa kuwa ingekuwa rahisi kumfanya mbaya.
"Kijana, asizidi thelathini na tano. Wewe ni sawa.
Mzee, kuanzia hamsini, asipite sitini."
Kidole chake kinatembea juu ya kitambulisho cha baba,
kinasimama.
"Papa, una sitini na mmoja."

Baba anacheka.
Kicheko hiki sijawahi kukisikia nyumbani.

"Nilikuwa na kumi na tano. Wao walitaka kumi na nane.
Mjomba Chilufya akajaza pamba ndani ya viatu, nikarefuka,
akamwambia karani: kwetu ndevu huchelewa.
Karani akaandika.
Kwa miaka mitatu ya kuazima
nikapata kofia, posho ya unga, na mama wa huyu."
Akanyamaza, akakwangua ukucha wake mweusi wa mafuta.
"Deni nililisahau mimi. Lenyewe halikunisahau."

"Una hati ya kuzaliwa?"
Kijijini kwao hawakuandika watoto.
Mama yake alisema tu: huyu ni wa mwaka ule
maji yalipobeba daraja.
Dada akatafuta kwenye fishi
kama kuna kisanduku cha daraja.
Hakuna. Akakohoa. Akafunga kalamu, akaifungua tena.

"Kuna papa mmoja pale ukutani,
Muteba, fundi wa pampu, ana hamsini na saba.
Kijana wake hakuja. Nimwandike na huyu binti?"

Nikasema hapana.
Nilisema kwa nguvu, hata wa nyuma wakageuka.
Mimi si kifuniko
cha kufunika chungu chochote kilichokosa kifuniko.

Baba hakunitazama.
Alivuka chumba kwa ule mwendo wake wa zamu ya usiku,
akapeana mkono na yule mzee,
wakapimana vidole, wote wawili, kwanza vidole.
Nikamsikia, sauti ya chini, ya mtu anayekabidhi mashine
inayofanya kazi:

"Anaitwa Mwadi. Mkono wa kushoto ndio wenye akili.
Asubuhi hasemi, usimlazimishe.
Na ukiwa chini, usimtajie namba.
Nyoosha mkono tu."