Ongeza Mbili

Kwanza tuling'oa ile mitungi minne ya makombora,
iliyokaa sitahani miaka thelathini na moja
bila kukohoa hata mara moja.
Kreni ikaiteremsha gatini, Kigamboni,
pantoni ikipita na watu wake na matenga yao,
na mtoto mmoja akatupungia mkono
kana kwamba tunahama nyumba.

Manowari *Papa-Upanga*:
wageni hudhani amepewa jina la mtaa,
nasi hatuwasahihishi.
Korveti kuukuu, injini mbili zenye kifua,
rada yenye mtoto wa jicho.
"Akitoka hapa," alisema Nahodha Ndyamukama,
"ataona mpaka dhambi za baharini."

Mimi, Koplo Nyamizi, nilipewa nyaya,
kwa kuwa napenya pale wanaume wanapokwama.
Wiki tatu chali chini ya meza ya rada,
koleo mkononi, tochi menoni,
nikikata vilivyokakamaa kama ng'onda.
Huko, nyuma ya bamba, nikakuta maandishi
ya kalamu ya risasi
(risasi pekee iliyowahi kutumika humu kwa dhati):

*Sindano inadanganya. Ongeza mbili. Mbwilo.*

Mbwilo ni nani? Alistaafu, au alikufa,
hakuna aliyejua.
Lakini mbili zake tulizijua sote.
Kila aliyekalia kiti kile alisoma nyuzi,
akaongeza mbili, akatamka
kwa sauti kavu ya mtu mwenye hakika.
Nilifundishwa na aliyefundishwa.

Yakaja makombora mapya, manane, membamba,
yamevikwa nailoni kama magodoro ya Keko.
Vioo vitano badala ya kimoja.
Kompyuta isiyotaka jasho la mtu.
Mafundi waliandika kila kitu upya,
hata choo kikapata namba.

Siku ya majaribio tulivuka Mbudya.
Shabaha: pipa tupu la mafuta, rangi ya chungwa.
Kombora hatukurusha,
kombora moja ni ghali kuliko sisi sote na pensheni zetu.
Mzinga tu.
Kioo kikasema: sifuri tisa nne.
Nami, mdomo haukuniuliza, nikatamka:
"Sifuri tisa sita!"

Maji yakaruka kando, meupe, marefu.
Pipa likaendelea kucheza palepale.

Nahodha akanigeukia. Hakukemea.
Yeye naye, nilimwona,
vidole viwili vya mkono wake wa kulia
vilikuwa vimekwisha inuka.

Sasa namfundisha kijana, Private Lusajo,
aliyezaliwa na vioo mkononi.
"Soma kilichopo," namwambia. "Hichohicho."
Anasoma vizuri, hatetereki.
Na kila akisoma,
kimoyomoyo,
naongeza.